Pakiti ya chumvi yenye tarehe: kujitunza ukiwa na presha ya kupanda, kwa wakazi wa Dodoma

Chukua pakiti ya chumvi iliyopo jikoni na kalamu ya wino mzito, uandike juu yake tarehe iliyofunguliwa. Ikiisha, hesabu siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu, na humo imehesabiwa hata chumvi ya mkate, dagaa na chipsi. Nyumba yenye watu wazima watano basi ina gramu 25 za kutumia kwa siku. Pakiti ya nusu kilo inatakiwa ifike siku 20, na hiyo ni kama hakuna anayekula nje kabisa. Kama kuna anayepita kwa mama lishe mchana au kununua mkate jioni, ifike wiki nne. Ikiisha siku ya tisa, umeshajua pa kuanzia.

Tumeanza na pakiti kwa makusudi, kwa sababu presha ya kupanda haiumi na haisikiki. Mtu husema "leo nasikia presha iko juu" kwa kuwa kichwa kinamgonga. Ukimpima unakuta 128 kwa 80 (namba ya juu ni moyo ukisukuma damu, ya chini ni ukipumzika), na kinachomgonga ni usingizi au jua la Oktoba. Mwenzake anabeba gunia huku anacheka, ukimpima namba yake ya juu ni 190. Mwili hautoi taarifa ya kuaminika, kwa hiyo ukisubiri kujisikia vibaya ndipo ujitunze, utachelewa.

Hapo ndipo bidii inapokatikia. Aliyeambiwa ana 170 kwa 100 anatoka kliniki na hofu, anameza dawa kwa uaminifu miezi miwili, kipimo kinashuka hadi 130, hofu inaondoka, na dawa inaondoka nayo. Anasema amepona. Kipimo kimeshuka kwa sababu dawa ipo, kama vile godoro linavyobaki kavu wakati wa masika kwa sababu bati lipo juu. Hakuna anayeng'oa bati eti godoro halijalowa. Hofu haidumu na hamu haidumu. Kinachodumu ni vitu ulivyovipanga ndani ya nyumba vikukumbushe bila kukuuliza unajisikiaje leo: tarehe kwenye pakiti, bahasha za dawa, daftari, mtu wa kwenda naye kliniki. Chagua kimoja mwezi huu. Anayebadilisha chumvi, nyama, pombe na matembezi siku moja kwa kawaida huviacha vyote siku moja vilevile.

Jikoni: chumvi unayoiona na usiyoiona

Anza na unayoiona. Usiikate ghafla, maana mboga itarudishwa na mpishi atavunjika moyo. Pima kiasi unachotia sasa kwa kijiko cha chai badala ya kukadiria kwa vidole, kisha punguza robo yake. Kaa hapo wiki mbili, punguza robo nyingine. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na baada ya hapo chakula cha zamani ndicho kitakachoonekana kikali. Kopo la chumvi liondoke mezani. Anayelitaka anyanyuke alifuate jikoni. Na msimpikie mgonjwa sufuria yake pembeni. Kupika sufuria mbili huchosha, mgonjwa hujiona ametengwa, na wale wengine nao wanazidisha chumvi vilevile, ila wao hawajapimwa.

Sasa ile isiyoonekana, na kwa Dodoma jina lake ni magadi. Mlenda unatiwa magadi ili uvutike na ulainike, maharage yanatiwa ili yaive haraka, na kisamvu na majani ya kunde vivyo hivyo. Magadi hayana ladha ya chumvi, ndiyo maana mtu anaapa kwamba mboga yake "haina chumvi". Lakini kinachopandisha presha kwenye chumvi ni sodiamu, na magadi yamejaa sodiamu. Kijiko kimoja cha chai cha magadi soda ya pakiti kina takriban miligramu 1,200 za sodiamu, wakati kikomo cha siku nzima ni 2,000. Magadi ya mawe yanayouzwa kwa mafungu sokoni huwezi kuyapima hivyo, kwa sababu kila jiwe lina lake.

Huhitaji kuacha mlenda, na mtu wa Dodoma ukimwambia aache mlenda hatakusikiliza kwa lingine lolote. Fanya hivi. Chemsha maji kidogo, tia majani ya mlenda pamoja na bamia tatu au nne zilizokatwakatwa. Bamia inateleza yenyewe na inafanya kazi ya magadi. Ongeza nyanya na kitunguu. Koroga kwa upekecho. Karibu na kuepua, weka karanga zilizotwangwa, zilizonunuliwa mbichi na kukaangwa nyumbani bila chumvi, vijiko viwili vya chakula kwa sufuria ya watu wanne. Chumvi iingie mwisho kabisa, kwa sababu chumvi iliyotiwa mwanzo huzama kwenye majani, ulimi usiione, na mkono ukaongeza. Mlenda wa unga uliokaushwa haukawii kuiva, kwa hiyo magadi hapo ni mazoea tu.

Maharage yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya bila magadi. Yataiva. Kama hayaivi kabisa ni maharage ya zamani. Tatizo hilo linaanzia kwa muuzaji. Dagaa na samaki wa chumvi loweka kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa, mwaga, suuza mara mbili, kisha pika bila kuongeza chumvi hata chembe. Vidonge na unga wa kuongeza ladha ya mchuzi vina chumvi kama sehemu yake kubwa. Ukitumia kidonge kimoja, chumvi ya sufuria hiyo imeshatiwa. Ladha itafute kwenye limau, ukwaju, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili. Ugali wa uwele au mtama haujawahi kudai chumvi, uendelee hivyohivyo.

Mnadani Msalato Jumamosi, nyama choma inakuja na kilima cha chumvi kwenye kona ya sinia, na mchomaji ameshanyunyiza nyingine jikoni kwake. Mwambie mapema kabla nyama haijapanda jikoni: "Kaka, yangu usiitie chumvi, niwekee limau na pilipili." Ukisema wakati imeshaiva umechelewa. Kachumbari nayo iagize bila chumvi.

Mboga za majani, ndizi, tikiti, viazi vitamu na zabibu zina potasiamu inayosaidia kushusha presha. Tahadhari ni kwa mwenye figo zilizoharibika au anayetumia spironolakitoni (aina ya dawa ya kukojoza): kwake potasiamu nyingi ni hatari kwa moyo, aulize kliniki kwanza. Juisi ya rozela isiyo na sukari inashusha presha kidogo, na hakuna ubaya kuinywa. Ubaya unaanza pale inapokaa mahali pa kidonge.

Dawa

Omba famasi wakupe bahasha saba ndogo za dawa. Andika Jumatatu hadi Jumapili, zijaze kila Jumapili jioni, zipange kwenye kopo lenye mfuniko. Ukifika Jumatano mchana na bahasha ya Jumatano bado ina kitu, hakuna ubishi wa "nilimeza au sikumeza". Kidonge kifungamanishwe na jambo ambalo hulikosi: kupiga mswaki, chai ya kwanza, swala ya alfajiri. "Asubuhi" peke yake ni ndefu mno. Mjukuu wa darasa la pili anaweza kupewa kazi ya kuuliza "Bibi, bahasha ya leo?" na watoto huwa hawasahau kazi ya namna hiyo.

Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Ikifika kesho, endelea na ya kesho. Usimeze mbili kufidia.

Kopo lisikae juu ya kabati karibu na bati wala jirani na jiko. Vidonge vingi vinahitaji joto lisilozidi nyuzi 30, na chumba cha bati Dodoma mwezi wa Novemba hupita hapo bila shida. Weka chini, upande wa ukuta usiopigwa na jua.

Vikibaki vidonge vya siku saba, hiyo ndiyo siku ya kwenda kuchukua vingine. Wiki hiyo moja ni ya dharura zako: nauli imekosekana, stoo imeishiwa, kuna msiba. Msimu wa kilimo unahitaji hesabu ya peke yake. Mvua zikianza Desemba, familia nyingi zinahamia mashambani Chamwino, Bahi au Kongwa kwa wiki kadhaa, na huko ndiko dawa zinakoishia. Kabla ya kuhama mwambie mhudumu utakaa muda gani ili akuandikie za kutosha, na uzibebe kwenye kopo lako, si kwenye mfuko ulioning'inizwa mtini juani.

Wengi wanaoacha dawa kimyakimya huacha kwa sababu imewasumbua na hawakujua kwamba ingeweza kubadilishwa. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Kaptopril, enalapril na lisinopril huweza kuleta kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kikohozi; kwa kawaida mtu huhamishiwa losartan na kikohozi kinaisha. Hidroklorothiazidi inakojoza, kwa hiyo inamezwa asubuhi. Siku ya safari ya basi usiiache, imeze ukishafika. Atenolol ukiikatisha ghafla presha na mapigo ya moyo vinaweza kuruka juu kuliko vilipokuwa. Nguvu za kiume zikipungua, mwambie daktari waziwazi: inaweza kuwa dawa, inaweza kuwa presha yenyewe, na yote mawili yana la kufanywa. Mwanamke anayetarajia kushika mimba aseme mapema, kwa sababu losartan na zile za kundi la lisinopril zinadhuru mtoto tumboni.

Baada ya kulima siku nzima, mtu hununua diklofenaki au ibuprofeni dukani kwa ajili ya kiuno. Hizo zinapandisha presha na kuchosha figo, hasa ukiwa unatumia pia losartan au lisinopril pamoja na dawa ya kukojoza. Nunua parasetamo, ya kumeza. Ile inayochemka kwenye glasi ina sodiamu nyingi. Kila unaponunua dawa yoyote dukani, sentensi ya kwanza iwe "nina presha". Ukiharisha au kutapika sana ukiwa kwenye dawa ya kukojoza, usisubiri siku ya kliniki, nenda zahanati siku hiyohiyo, kwa sababu mwili umekauka na presha inaweza kuanguka.

Kupima nyumbani

Mashine nunua ya mkono wa juu. Ya kifundo cha mkono hukosea kirahisi. Kabla ya kulipa, azima futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Kitambaa cha kawaida mara nyingi kimeandikwa sentimita 22 hadi 32. Mkono wa sentimita 36 ukifungwa kitambaa hicho utasoma juu kuliko ukweli, na utaongezewa dawa usiyoihitaji. Kilichoandikwa 22 hadi 42 kinawatosha watu wazima wengi.

Utaratibu ni huu:

1. Nusu saa kabla usinywe kahawa, usivute sigara, usitoke kuchota maji. Nenda haja ndogo kwanza; kibofu kilichojaa hupandisha kipimo.
2. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano kimya. Kigoda hakifai kwa sababu mgongo hauna pa kuegemea. Nyayo zote mbili chini, miguu usiikunje nne.
3. Mkono mtupu, juu ya meza, kiganja juu, kitambaa kiwe usawa wa moyo na ukingo wake wa chini uwe vidole viwili juu ya mkunjo wa kiwiko. Sweta la asubuhi za Julai livuliwe. Ukilikunja likabana bega linaharibu kipimo.
4. Bonyeza, usiongee, na anayekusimulia habari za jirani asubiri. Subiri dakika moja, pima tena. Andika namba zote mbili, hata ile usiyoipenda.

Pima siku saba mfululizo kabla ya kwenda kliniki: asubuhi kabla ya dawa na chai, na jioni kabla ya kulala, mara mbili kila kipindi. Siku ya kwanza ifute, kwa sababu siku hiyo mtu bado anaiogopa mashine. Zinabaki namba 24. Jumlisha za juu ugawe kwa 24, fanya hivyo na za chini. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au zaidi bado uko juu, ingawa kliniki mpaka unaotumika ni 140 kwa 90. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo mara nyingi huwekewa lengo la chini zaidi. Uliza lako ni lipi, uliandike kwenye jalada la daftari.

Ukiona 152 asubuhi moja katikati ya wiki ya 130, usiongeze kidonge wala usikose usingizi. Presha hupanda na kushuka siku nzima. Angalia wastani. Kupima mara kumi kwa siku kunaipandisha kwa wasiwasi, na kunamaliza betri.

Mashine si lazima iwe yako. Kikoba cha watu kumi na tano kinaweza kununua moja na kupima kila wiki kabla ya kikao. Kabla, tafadhali: baada ya kujadili wanaodaiwa marejesho hakuna atakayesoma vizuri. Humohumo kikobani tafuta mwenzako wa kliniki, mwenye tarehe inayokaribiana na yako. Mkienda pamoja foleni inapungua uzito, na asiyetokea anapigiwa simu. Mbebe daftari na maganda ya dawa zote, hata za mitishamba. Angalau mara moja kwa mwaka omba vipimo vya mkojo na figo, kwa sababu presha ni mojawapo ya sababu kubwa za figo kufa, nazo zinakufa bila kelele. Hospitali ya Benjamin Mkapa imekuwa ikipandikiza figo tangu 2018. Ni huduma ya kujivunia, na ni bora uisikie redioni tu.

Miguu na glasi

Dakika 30, siku tano kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Toka saa 12 hadi saa 1 na nusu asubuhi, au jioni baada ya saa 11. Katikati ya hapo jua la Dodoma halina huruma. Anayeshika jembe kila siku ameshafanya mazoezi yake, asiongezewe. Mlengwa ni yule wa ofisini Mtumba anayetoka kwenye kiti cha gari kwenda kwenye kiti cha ofisi: ashuke vituo viwili kabla, asingoje kununua raba. Kila kilo ya mwili inayopungua hushusha namba ya juu kwa takriban pointi moja, kwa hiyo hata kilo nne hazipotei bure.

Mvinyo wa zabibu zetu si dawa ya presha, hata ukiwa mwekundu. Pombe inapandisha presha kadiri inavyoongezeka, ya chupa na ya uwele sawasawa. Asiyekunywa asianze; anayekunywa apunguze glasi na aache siku kadhaa za wiki bila.

Lini usisubiri kliniki

Mashine ikisoma 180 kwa 120 au zaidi, kaa kimya dakika tano upime tena. Ikibaki hapo na hujisikii chochote, meza dawa yako ya leo kama hukuwa umeimeza, na uonwe na mhudumu siku hiyohiyo. Usiweke nifedipini (dawa ya kushusha presha) chini ya ulimi kwa ushauri wa jirani. Presha ikianguka ghafla, ubongo huweza kukosa damu na kiharusi kikatokea.

Kukiwa na maumivu ya kifua, pumzi kukata, kuona giza, kuchanganyikiwa, degedege au kichwa kuuma kuliko ulivyowahi kuumwa, ni hospitali, iwe mashine imesoma ngapi. Ukihisi ni kiharusi, mwambie mgonjwa atabasamu, ainue mikono yote miwili, aseme sentensi moja nzima. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukashuka au maneno yakagugumia, usimpe chakula, maji wala kidonge, maana anaweza kupaliwa. Mlaze kwa ubavu, tafuta gari badala ya bodaboda, na uangalie saa. Muda aliokuwa mzima kwa mara ya mwisho ndio utakaoulizwa ukifika mapokezi. Uandike kwenye daftari lake la presha mkiwa njiani.